Udongo wa Uani kwa Hija

Hija binti Abdulrahman aliajiriwa mwaka 1986 kuosha vyombo, na mwaka 1994 alikuwa bado anaosha vyombo. Havikuwa vyombo vya chakula. Vilikuwa vya kioo, vya maabara moja ya utafiti wa maji na udongo huko Kinondoni, na kila kimoja kilitakiwa kioshwe kwa sabuni, kisha kisuuzwe mara saba. Majirani zake wa Temeke walipomuuliza anafanya kazi gani, aliwajibu kwamba anaosha vyombo serikalini. Walimhurumia, naye aliwaacha wamhurumie, maana kueleza kulikuwa kurefu.

Katika miaka hiyo minane alikuwa amejifunza mambo mengi ambayo hakuna aliyemfundisha. Alijua kupika ule uji mwembamba wa mwani unaoganda kwenye visahani vya kioo na kuwa chakula cha bakteria. Alijua kuumimina bila kuacha mapovu. Alijua kuhesabu madoa ya bakteria yanapoota, kila doa likiwa ni ukoo mzima uliotokana na mmoja. Kwenye orodha ya wafanyakazi jina lake lilikuwa mwisho kabisa, chini ya dereva, na gari lenyewe lilikuwa limekufa injini tangu mwaka 1991.

Mwaka 1993 alirudi Daktari Kokuberwa. Alikuwa mwanamke wa Bukoba wa miaka thelathini na mitatu, mwembamba, aliyesoma Uswidi miaka mitano na kurudi na sanduku moja la nguo na manne ya vifaa. Utafiti wake ulihusu bakteria wasiokufa kwa madini mazito: risasi, zebaki, kadimiamu na jamaa zao. Alikuwa akienda kuchota matope kwenye kijito kilichopita nyuma ya viwanda, anayachanganya na maji safi, anayapaka kwenye visahani vilivyotiwa chumvi ya risasi, halafu anasubiri aone nani atabaki hai.

Siku moja ya mgao wa umeme, kabati la joto la kuoteshea bakteria likiwa limezimika na hakuna la kufanya ila kusubiri, Hija alimuuliza.

"Daktari, hao wanaobaki wamewazidi nini wenzao?"

Kokuberwa alivuta stuli. Alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa, na katika jengo lile hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu zaidi ya lini atajaza fomu.

"Risasi ikiingia ndani ya bakteria inavuruga kila kitu," alisema. "Wengi wanakufa. Lakini wapo wachache wenye jeni yake. Jeni ni kama maelekezo yaliyoandikwa ndani mwao. Yanawaelekeza watengeneze kimeng'enya fulani, kinakaa kwenye ngozi yao, kazi yake moja tu: kuikamata risasi na kuitupa nje. Ni pampu. Inaingia, anaitoa. Inaingia, anaitoa."

"Mchana kutwa?"

"Na usiku."

"Hachoki?"

"Anachoka, dada Hija. Ile pampu inakula chakula kingi. Ndiyo maana mahali pasipo na risasi wenye pampu huwa wachache. Ni mzigo wa bure, wasio nayo wanawapita kwa kuzaana."

"Kwa hiyo ukiwakuta wengi mahali..."

"Ujue pana risasi. Na imekaa siku nyingi."

Umeme ukarudi, Hija akarudi kwenye karo.

Sasa utafiti wa namna ile ulihitaji pia matope safi, ya mahali pasipo na kiwanda, ili yalinganishwe na yale ya kijito. Kokuberwa aliuliza kama kuna mtu anaishi mahali pasafi. Mzee Gozbert, fundi sanifu mkuu mwenye miaka ishirini na mmoja kazini, alisema atafikiria. Hija alisema kwao ni pasafi. Ana uani mpana, ana kisima, ana mpapai, na kiwanda cha karibu kiko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alipewa chupa yenye kifuniko na kijiko kilichochemshwa. Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alichota udongo hatua tatu kutoka kisimani, akaandika tarehe, akaja nao.

Siku ya nne walifungua kabati. Visahani vya matope ya kijito vilikuwa na madoa kama ilivyotarajiwa, arobaini hapa, hamsini pale. Visahani vya udongo wa Hija, vilivyotakiwa kuwa vitupu, vilikuwa vimejaa. Madoa yalikuwa yamebanana hadi hayahesabiki, na mengi yalikuwa na rangi ya hudhurungi iliyoiva, kama sukari iliyoungua.

Mzee Gozbert alivaa miwani, akatazama, akaivua.

"Bi Hija, umechanganya visahani."

"Sijachanganya, mzee."

"Vya kijito umeviandika vyako, vyako umeviandika vya kijito."

"Hata ningevibadilisha, mzee, si vingekuwepo vitupu? Hakuna hata kimoja kitupu."

Gozbert aliirudisha miwani mfukoni. Alisema kwamba mtu wa kuosha vyombo aachiwe kuosha vyombo, na kwamba yeye alilisema hilo tangu mwanzo, ingawa hakuna aliyekumbuka akilisema. Kokuberwa hakumlaumu Hija. Alisema tu kwamba makosa hutokea. Hija aliliona neno hilo kuwa ni lile lile la Gozbert, ila limevishwa kanga.

Wiki nzima hakugusa uji wala kisahani chenye kitu ndani. Alisuuza mara saba saba, na wiki ile alisuuza kwa nguvu, akavunja chupa mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Siku ya Ijumaa aliingia ofisini kwa Kokuberwa, akasimama mlangoni.

"Daktari, naomba irudiwe."

"Itarudiwa, dada Hija. Mzee Gozbert ataleta udongo wa kwake, Mbezi."

"Alete. Lakini na wangu urudiwe. Mzee Gozbert mwenyewe aje kwangu achote, mwenyewe aandike, mwenyewe afunge kabati na ufunguo akae nao mfukoni. Mie sitashika kitu."

Kokuberwa alimtazama kidogo, kisha akakubali.

Gozbert alikwenda Temeke siku ya Jumatatu. Alichota udongo kisimani, akachota na chini ya mpapai, akakaribishwa chai akaikataa, akaondoka. Mume wa Hija, Badru, alikuwa hayupo, amepeleka mzigo Kunduchi. Udongo wa tatu ulitoka kwenye kiwanja chake Gozbert huko Mbezi Beach, ambako alikuwa amejenga msingi na kuusubirisha. Ufunguo wa kabati alitembea nao siku nne. Inasemekana hata msikitini, naye alikuwa Mkatoliki, ila hayo ni maneno ya dereva.

Siku ya nne alifungua mwenyewe. Visahani vya Mbezi vilikuwa vitupu, uji unang'aa. Vya kijito vilikuwa na madoa yake ya kawaida. Vya kisimani kwa Hija vilikuwa vimejaa, vya chini ya mpapai vilikuwa vimejaa, vyote vya hudhurungi.

Gozbert alisoma mwandiko wake mwenyewe juu ya kila kisahani, mara mbili. Halafu alitoka nje, akakaa ngazini.

Hija alifurahi. Furaha yenyewe ilidumu muda wa kusuuza kisahani kimoja. Alipofika mara ya tano aliacha maji yakimwagika, akageuka, akamwona Kokuberwa amesimama nyuma yake na uso wa mtu aliyefika mahali pale pale kwa njia nyingine.

"Dada Hija," Kokuberwa alisema taratibu, "kwenu kuna nini?"

"Kuna mume wangu," Hija alijibu.

Badru alikuwa fundi mitambo wa shirika moja la umma kwa miaka kumi na minne. Shirika lilipofungwa, mwaka 1989, alipewa kiinua mgongo na barua ya kumshukuru. Ilikuwa enzi za ruksa. Kila mtu alikuwa akitafuta cha kufanya na hakuna aliyeuliza kibali. Magari yaliyotumika Japani yalikuwa yakishushwa bandarini kila wiki, na betri zake hazikustahimili joto la Dar es Salaam. Badru aliziona zimelala kila gereji. Alizikusanya, akazipasua uani, maji yake makali akayamwaga kwenye shimo, na yale mabamba ya ndani akayayeyusha kwenye karai la chuma lililokaa juu ya mafiga matatu. Risasi iliyoyeyuka aliimimina kwenye kalibu alizozichonga mwenyewe, zikatoka zile risasi za kuzamishia nyavu. Zake zilikuwa na tundu lililonyooka, hazikati kamba. Wavuvi wa Kunduchi na wa Mjimwema walizitaka kwa jina lake. Kwa miaka mitano nyumba ilikula kwa karai lile na kwa mshahara wa kusuuza.

Tumbo lilianza kumsumbua mwaka wa tatu. Hospitalini aliambiwa ni vidonda. Mganga mmoja wa Mbagala alimwambia ni mfanyakazi mwenzake wa zamani. Mama yake alisema ni mapishi, bila kumtaja mpishi. Mwaka wa tano mkono wake wa kulia ulianza kulegea kwenye kifundo. Kiganja kilining'inia, akawa ananyanyua kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi. Yeye alisema ni uchovu.

Na palikuwa na Salma, binti yao wa miaka saba, aliyekuwa darasa la kwanza na aliyependa kucheza karibu na karai lililopoa. Matone ya risasi yaliyoganda mchangani yalikuwa yanang'aa, mazito, mazuri. Alikuwa akiyaokota na kuyafanya maandazi ya wanasesere. Wakati mwingine aliyaonja, kwa kuwa mpishi huonja. Hija alikuwa amemwona mara nyingi. Alikuwa akimwambia ateme, anatema, mambo yanaisha.

Jioni ile Hija alirudi na visahani viwili vilivyozungushiwa plasta pande zote, kwa ruhusa ya Kokuberwa. Jua lilikuwa bado lipo. Badru alikuwa ameketi kwenye mkeka anakunywa chai, kwa mikono miwili. Hija aliviweka mbele yake juu ya sinia.

"Nini hiki, mama Salma?"

"Usifungue. Hiki kitupu ni udongo wa Mbezi. Hiki kilichojaa ni wa kwetu."

Badru aliweka kikombe kando, akaviinua kimoja kimoja, akavitazama dhidi ya mwanga. Alikuwa fundi, kitu alichokuwa hakijui alikitazama kwanza kabla ya kusema.

"Sasa si wa kwetu ndio mzuri? Una uhai."

"Hicho chakula chao kimetiwa risasi. Wa Mbezi wote wamekufa. Wa kwetu wamezoea."

"Wamezoeaje?"

Hija alimweleza, kama alivyoelezwa siku ya mgao. Alieleza jeni kuwa ni maelekezo, kimeng'enya kuwa ni pampu iliyokaa ukutani, risasi ikiingia inatupwa nje. Badru aliuliza pampu hiyo inaendeshwa na nini. Hija akasema chakula wanachokula. Akauliza ikiharibika. Akasema wanakufa. Akauliza mdogo kiasi hicho anatoshaje kubeba pampu. Akasema anazo nyingi. Badru alitikisa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyeoneshwa kazi nzuri ya fundi mwingine.

Alivirudisha visahani kwenye sinia, akakishika tena kikombe. Kisha akauliza:

"Mie ninayo?"

"Huna."

"Wewe?"

"Sina. Salma naye hana."

Badru aliweka kikombe chini. Alitazama kiganja chake kilichoning'inia, akakigeuza kwa mkono wa pili, akakiangalia upande wa ndani. Chai ikapoa. Adhana ya magharibi ilipoanza aliinuka, akaenda kutawadha, akafika kisimani na ndoo, akasimama, akarudi. Hija alimpa maji ya bomba aliyokuwa ameyachota kwa jirani.

Mtu angedhani kesho yake aliacha. Kesho yake alilihamisha karai hatua sita kuelekea ukuta wa nyuma, na akamkataza Salma kukanyaga huko. Alikuwa na kazi ya watu ya risasi mia tatu, na alisema neno lake ni neno. Hija hakugombana naye. Alifunga kisima kwa bati na mawe, alikata mpapai uliokuwa na mapapai kumi na moja, akayafukia yote, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimpeleka Salma kwa dada yake Chang'ombe, aende shule kutokea huko. Mama mkwe alikuja kutazama kisiki cha mpapai. Aliuliza kama mti nao umepatikana na kosa maabara.

Wiki hiyo Kokuberwa alikuja na muuguzi, wakawatoa damu wote watatu. Hapakuwa na mahali pa karibu pa kuipima kwa kitu kile, kwa hiyo ilisafiri kwenye kifurushi chenye barafu mpaka Uswidi, ikiwa ndiyo damu ya kwanza ya ukoo ule kupanda ndege. Majibu yalirudi baada ya wiki saba. Kokuberwa aliyaleta mwenyewe, akayasoma uani, akiwa amesimama, kwa kuwa alikuwa hataki kukaa chini pale na alikuwa hajui namna ya kulisema hilo kwa adabu.

"Salma, thelathini na nane. Dada Hija, ishirini na mbili. Shemeji, sabini na moja."

"Ilitakiwa ngapi?" Badru aliuliza.

"Mtoto, chini ya kumi. Mtu mzima naye, ikiwa ndogo ndiyo bora."

"Sabini na moja," Badru alirudia. "Nimewazidi mbali."

"Umewazidi, shemeji."

"Dawa yake?"

"Kwanza ni kuiacha. Mwili utaitoa, lakini polepole sana. Miaka. Nyingine imeshaingia kwenye mifupa."

Badru aligeuka. Aliangalia upande aliokuwa amekaa Salma, ambaye alikuwa akijaribu miwani ya Kokuberwa na kucheka.

Habari kwamba Badru anaacha ziliwafikia watu kabla hajazitangaza. Siku ya Jumamosi alikuja mtu wa Tandika aitwaye Jabiri, akitaka kununua karai, kalibu na majina ya wavuvi, vyote pamoja. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri, na nyumba ilikuwa inaihitaji. Badru alimkaribisha. Hija alikuwa anapepeta mchele, akaacha kupepeta.

"Una uani kwako?" Badru alimuuliza mgeni.

"Ninao, braza. Mkubwa."

"Watoto?"

"Wanne, Mungu akipenda."

Badru alimweleza habari ya ugonjwa, na ya damu, na ya namba. Jabiri alisikiliza kwa utulivu, kisha akasema yeye damu yake ni nzito, ya kwao Rufiji, haina shida. Badru akasema sawa. Akaingia ndani, akatoka na nyundo na patasi. Alilipindua karai, akaketi juu ya kigoda, akaweka patasi kwenye kitako chake na kuanza kugonga.

Mkono wa kulia haukuwa na nguvu. Nyundo ilimponyoka mara tatu, mara moja ikamwangukia mguuni. Akahamishia kushoto. Jabiri alitazama kwa muda, akafikiri ni namna ya kupandisha bei, akaongeza. Badru aliendelea kugonga. Jabiri akaongeza tena. Mwishowe aliaga, akaondoka akisema Temeke kuna wendawazimu siku hizi. Hija alitaka kushika nyundo amsaidie, Badru akasema hapana. Ilimchukua kuanzia saa nne mpaka alasiri kutoboa matundu manne, na ya kalibu yakafuata. Halafu alikwenda kulala bila kula, na Hija alimsikia akilia, kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye mafua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa kawaida, yaani taratibu. Walikwangua udongo wa juu, wakaufukia kwenye shimo la maji ya betri, wakamwaga zege juu ya shimo na kifusi cha udongo mwekundu juu ya uani wote. Badru alipata kazi kwenye yadi moja ya makontena Kurasini, ya kukagua matela kabla hayajatoka. Kazi ya kutumia macho zaidi kuliko mikono. Tumbo lilitulia ndani ya miezi mitano. Kiganja kilirudi nusu. Mwaka uliofuata namba yake ilikuwa arobaini na nne, na aliitaja kwa majirani kama mtu anayetaja alama za mtihani.

Salma alirudia darasa la kwanza. Mara ya pili alifaulu kwa alama za kati, na akaendelea hivyo hivyo, za kati, kila mwaka. Hija hakumuuliza mtu yeyote kama zingeweza kuwa za juu. Alikuwa anajua nani angeweza kumjibu, na alikuwa akifanya naye kazi kila siku.

Utafiti wa Kokuberwa uligeuka. Bakteria wa uani walikuwa wagumu kuliko wa viwandani, na mwaka 1996 aliandika juu yao kwenye jarida moja la nje. Mwishoni aliwashukuru watu sita. Mmoja aliandikwa "Bwana Hija wa Temeke, kwa msaada wa kukusanya udongo." Kokuberwa aliona aibu, akasema wahariri ndio walioweka Bwana, ataandika barua. Hija alisema asijisumbue. Ukurasa ule aliukunja akauweka kwenye kabati la nguo. Mzee Gozbert hakuomba radhi, hakuwa na desturi hiyo, lakini alianza kumwita kila alipomimina uji, na jina la Hija likapanda orodhani hadi juu ya dereva.

Ila kazi kubwa aliyoifanya Hija haikuandikwa kwenye jarida. Wanawake wa mtaani walianza kumletea udongo. Walikuja mmoja mmoja, wa kwanza ni mama mmoja aitwaye Tunu, mwenye bustani ya matembele nyuma ya gereji. Wakaja na wengine, udongo ukiwa kwenye vikopo vya dawa, vya siagi, mmoja kwenye soksi. Hija alimwomba Kokuberwa, Kokuberwa akasema visahani vipo. Mwezi wa kwanza alipima tisa. Saba vilikuwa vitupu. Viwili viliota.

Alikwenda kwenye nyumba hizo mbili siku ya Ijumaa, baada ya kazi, akiwa bado amevaa gauni lake la buluu la maabara. Kwenye nyumba ya kwanza baba mwenye nyumba alimsikiliza akiwa amesimama, akasema atafikiria, akafunga mlango. Kwenye ya pili, kwa Tunu, alikaribishwa mkekani. Tunu alisikiliza habari yote ya pampu mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: haya matembele aliyoyachuma asubuhi, yaliyoko jikoni sasa hivi, afanyeje?

Hija alimwambia ayamwage. Akakaa naye wakapika maharage.